Shangazi Pedi Anajibu: Sura Umemaliza, Mapigo Je?

Wapenzi wasomaji, mwezi huu mkoba wangu wa barua umejaa Mii. Kwa asiyemjua, Mii ni kikatuni cha mtu unachokitengeneza mwenyewe kwenye mashine za Nintendo: kichwa kikubwa, mwili mdogo, sura unampa upendavyo. Alizaliwa na mashine ya Wii mwaka 2006. Mwaka 2014 akaingizwa ulingoni katika Super Smash Bros., lile gemu la mapigano linalowakusanya watu wasio na undugu wowote: Mario, Pikachu, Sonic, Pac-Man, Ryu wa Street Fighter. Tangu hapo mtoto wa mtaa wa Ngamiani anaweza kumchapa Mario akiwa na sura yake mwenyewe.

Bandani kwangu hapa Tanga vijana wengi hufuata mpira wa PlayStation, na ndio unaolipa umeme. Switch, mashine ya Nintendo, iko moja tu, pale kona ya feni. Wanaoigombania ni wachache, ila ndio wenye maneno. Hoja nyingi mlizoniandikia nimekwisha kuzisikia kutoka kona hiyo, tena kwa sauti ya juu zaidi.

*

Shikamoo Shangazi. Kijana wangu ananiomba hela halisi ya kumnunulia nguo mtu wa kwenye gemu. Si nguo yake yeye, nguo ya katuni! Nimekataa, amenuna wiki nzima. Hivi hii ni biashara gani? — Baba mtu, Arusha

Marahaba, Baba. Pole kwa kununiwa.

Biashara ni hii. Wapiganaji wengine wa Smash ni watu maarufu, kila mmoja na kampuni yake na mikataba yake. Wako mashujaa wa magemu mengine ambao watu waliwalilia waingizwe, hawakuingizwa kama wapiganaji kamili. Basi wakaletwa kama mavazi ya Mii. Septemba 2019 akaja Sans, yule kiunzi cha mifupa wa gemu la Undertale, kama vazi la Mii mwenye bunduki. Januari 2020 akafuata Cuphead, wa gemu la jina lake. Vazi moja, nguo pamoja na kichwa chake, huuzwa senti 75 za Marekani. Kwa hela zetu ni kama shilingi elfu mbili, na kwa majirani wa Kenya ni karibu shilingi mia moja. Sans na Cuphead huja pia na wimbo wa gemu lao, unaingia kwenye orodha ya nyimbo za mapambano. Kwa maoni yangu wimbo peke yake unastahili hiyo hela.

Sasa nikuchekeshe. Kinyago cha Sans kinafunika kichwa kizima. Mtoto anakesha akimtengenezea Mii wake nyusi na pua, halafu ananunua kitu cha kuziba vyote.

Ushauri wangu: mpe hela ya vazi moja, la sikukuu, achague mwenyewe. Kadi yako ya benki usiiache ndani ya mashine. Na umwambie kwamba ndani ya gemu kuna nguo na kofia nyingi zinazopatikana kwa kucheza tu, na nyingine hununuliwa kwa sarafu za humohumo ndani. Vazi halimwongezei mpiganaji nguvu hata chembe. Aliyevaa Sans na aliyevaa fulana wanapiga sawasawa. Kama amekwambia anashindwa kwa sababu hana vazi, hapo mjibu unavyojua wewe mzazi.

*

Shangazi, shikamoo. Sisi hapa Kisauni tuna mashindano yetu ya Smash Ultimate kila Jumapili. Mimi hucheza na Mii Brawler. Nilipowashinda mfululizo wakatunga sheria kwamba Mii haramu, eti najichagulia mapigo wakati wao wamepewa yao. Nimedhulumiwa ama wana haki? — Mpigwa marufuku, Mombasa

Marahaba mwanangu. Umedhulumiwa, lakini wenzako wana punje ya hoja, nami nitaitoa kabla ya kuwasema.

Tuanze na hesabu. Mii wako katika aina tatu: Mii Brawler anayepigana kwa mikono na miguu, Mii Swordfighter mwenye upanga, na Mii Gunner mwenye mzinga mkononi. Kila mpiganaji wa Smash ana mapigo maalumu manne: la kubonyeza tu, la pembeni, la juu na la chini. Kwa Mii, kila pigo kati ya hayo manne lina chaguo tatu. Tatu mara tatu mara tatu mara tatu ni 81. Yaani Brawler wako mmoja ana sura 81 za kupigana, na ukijumlisha aina zote tatu unapata 243. Mpinzani anayekaa mbele yako hajui amekutana na yupi mpaka apigwe. Hiyo ndiyo punje yao ya haki.

Tena ubishi huo una historia. Mwaka 2014, Smash zilipotoka za mashine za Nintendo 3DS na Wii U, hata Mario na wenzake walikuwa na mapigo ya kubadilisha. Tofauti ni kwamba yao ilibidi uyatafute kwa kucheza, wakati ya Mii yalikuwa wazi tangu siku ya kwanza. Kisha kulikuwa na suala la mwili: urefu na unene uliompa Mii wako viliingia kwenye mapigano. Mfupi mwembamba alikuwa mwepesi wa mbio, pande la mtu lilikuwa zito na lenye kipigo. Watu wakawa wanatengeneza vibrawler vidogo kama kisigino, vinaruka huku na huku, huvipati. Waandaaji wa mashindano wakagawanyika. Wapo waliosema Mii aje na mwili wa kawaida na namba 1111, yaani chaguo la kwanza kila mahali. Wapo walioruhusu vyote. Wapo waliofunga mlango.

Halafu Desemba 2018 ikaja Smash Ultimate ya Switch, na mwongozaji Masahiro Sakurai na watu wake wakakata mzizi. Mapigo ya kubadilisha yakaondolewa kwa wapiganaji wote isipokuwa Mii. Ukubwa wa mwili nao ukaacha kuhesabiwa. Maana yake kuchagua mapigo si hila iliyopenya, ndivyo Mii alivyoumbwa. Ukimkataza kuchagua umemkataza kuwepo.

Waulize wenzako maswali haya Jumapili. Kirby akimmeza mtu na kuchukua pigo lake, mnamtoa? Pokémon Trainer anayebadilisha wanyama watatu katikati ya pambano, mnamtoa? Na yule Hero wa Dragon Quest, ambaye pigo lake la chini linafungua orodha ya dua nne zinazokuja kwa bahati nasibu, hata mwenyewe hajui atapata nini, mnamwita halali? Mii angalau anachagua kabla ya filimbi, na akishachagua hana ujanja mwingine.

Bandani kwangu tulimaliza ugomvi kwa karatasi iliyobandikwa ukutani. Kila mwenye Mii anasema namba yake kwa sauti kabla ya kuanza, kwa mpangilio wa kubonyeza, pembeni, juu, chini. Akisema "elfu moja mia tatu thelathini na mbili" anachekwa. Anasema "moja, tatu, tatu, mbili". Mii wake anapewa jina la namba hiyo hiyo, 1332, ili iandikwe kwenye kioo kila mtu aione. Kubadilisha namba ni sawa na kubadilisha mpiganaji: aliyeshinda raundi habadilishi, aliyeshindwa ana ruhusa. Na Mii wote wawe wametengenezwa kabla ya mashindano kuanza, maana hakuna kinachochosha kama watu sita kusimama wakimsubiri mmoja achague soksi.

Ukiwapelekea sheria hizo wakakataa bado, basi ujue tatizo lao si Mii. Tatizo lao ni kufungwa na wewe. Wape wiki moja ya kucheza na Mii na wewe uchukue Mario. Uwafunge tena.

*

Shangazi Pedi, mambo? Nimemtengeneza Mii mwenye upanga, kafanana na mimi hadi dada kashangaa. Lakini napigwa kila siku. Mapigo nimeyaacha yalivyokuja. Nianzie wapi? — Mhitimu wa kidato cha nne, Iringa

Poa. Barua yako ndiyo iliyonipa kichwa cha safu hii. Kila nikichungulia kona ya feni namkuta mtu kazama kwenye umbali kati ya jicho na jicho, anasogeza, anarudisha, anamwita rafiki atazame. Akifika kwenye mapigo anabonyeza, anabonyeza, anabonyeza, amemaliza. Sura hiyo mkishaanza kupigana utaiona ikiwa kubwa kama punje ya mchele. Mapigo ndiyo utakayoishi nayo.

Anza na la juu. Wageni huanza na la kubonyeza kwa sababu lina moto na mwanga. Smash si gemu la kummaliza mtu damu. Unapopigwa, asilimia yako inapanda, na inavyopanda ndivyo unavyorushwa mbali zaidi, mpaka utoke kabisa nje ya uwanja. Kwa hiyo swali kubwa la kila mpiganaji ni moja: akirushwa, anarudije jukwaani? Jibu ni pigo la juu.

Kwa Mii mwenye upanga, namba 1 inampandisha wima kama mtu anayepanda mnazi, kisha anashuka na upanga umeelekea chini. Ukiwa chini ya jukwaa inakufaa, ukiwa mbali pembeni utafia hewani. Namba 2 anachomoka upande unaouelekeza wewe, hata mshazari. Namba 3 anazunguka na upanga, mzunguko kama wa Link, mpiganaji mwingine wa Smash, unaokata kila aliye karibu. Kwa anayeanza, chukua 2. Utajifunza kurudi kutoka pembe yoyote kabla ya kutafuta sifa.

Halafu nenda la chini, nalo lichague kwa kumwangalia adui yako. Kama nyumbani kwenu mnacheza na watu wanaokuja mwilini, chukua 1: unasimama, unapokea pigo, unalirudisha na riba. Kama dada yako ni mtu wa kurusha mishale na makombora kutoka mbali, chukua 2, inayorudisha vitu kwa aliyevirusha. Namba 3 ni ya kushuka na upanga kwa kasi. Wanaoipenda wanaipenda, mimi sijawahi kuwa mmoja wao.

La kubonyeza: 1 ni kimbunga kinachokwenda mbele na kumrusha mtu juu. Hicho hicho, usiangalie kingine kwa sasa. Adui akienda juu unamfuata kabla hajatua. Namba 2 ni nyota ndogo za kurusha, nzuri kwa kuchokoza. La pembeni 3 ni duara la kukata linalorushwa na kukaa hewani kidogo, linamzuia mtu asikusogelee wakati unapanga mambo yako. Kwa hiyo namba yako ya kuanzia ni 1321 au 1322, kutegemea dada.

Na kama moyo wako kweli uko kwa mwenye mzinga, ukiulizwa nani kakutuma sema ni mimi. Mii wangu mwenyewe ni Gunner, amevaa miwani. Namba 2 yake ya pembeni ni kombora lisiloonekana vizuri, unalilipua kwa kuachia kitufe, na nimewatoa nalo vijana wenye majina makubwa mtaani. Pigo lake la chini lina chaguo tatu: 1 inarudisha makombora, 2 inaangusha bomu, 3 inameza risasi za nishati na kukupunguzia asilimia. Hiyo 3 dhidi ya mtu wa mishale ya kawaida haina kazi, haimezi mbao wala chuma. Wengi hujifunza hilo kwa kuchomwa.

*

Shangazi, nikimfanya Mii mnene katika Ultimate anapiga zaidi? — Swali fupi, Muscat

Hapigi zaidi. Hiyo ilikuwa ya 2014.

Mimi ni mtu mzima, nina mke na kazi. Kuna ubaya nikijitengeneza mwenyewe nikapigana na lile sokwe Donkey Kong? — Bila jina, Dodoma

Ubaya upo ukimnyima mkeo pedi ya pili ya kuchezea.

*

Shikamoo Shangazi. Nina binti wa miaka kumi, anavaa miwani na meno ya mbele yana mwanya. Likizo tulikwenda kwa shemeji yangu, watoto wa kiume wa huko wana Switch. Walimtengeneza binti yangu kwenye gemu, miwani na mwanya na jina lake, wakamvalisha kofia ya kichekesho, wakamweka aendeshwe na mashine, wao watatu wakawa wanampiga kwa zamu na kucheka. Binti alikuwa amekaa palepale. Nilipowasema wakaniambia, "Mama mdogo, ni gemu tu." Shemeji naye akasema nisiwe mkali. Nimekuwa mkali? — Mama, Morogoro

Marahaba mwanangu. Hukuwa mkali. Ningekuwepo mimi, Switch ingelala kabatini mpaka jioni.

Nikueleze kwa nini, maana shemeji yako atataka sababu. Tarehe 10 Juni 2014 Nintendo walipotangaza kwamba Mii wanaingia Smash, walitangaza kwa video. Ndani yake Satoru Iwata, rais wa Nintendo wakati huo, na Reggie Fils-Aimé, aliyekuwa mkuu wa tawi la Marekani, walipigana ngumi na mateke, wenyewe kwa miili yao, na suti zao, wakarushana kama sinema za kung fu. Kisha ikaonyeshwa Mii zao zikipigana ndani ya gemu. Watu walicheka mpaka leo wanacheka. Na ilichekesha kwa sababu wenye sura walikuwa wamekubali, kila mmoja alikuwa anapiga na kupigwa, na hakuna aliyekuwa amekaa pembeni akitazama jina lake likigaragazwa.

Binti yako hakuulizwa na hakupewa pedi. Walichagua miwani na mwanya, vitu anavyojua kwamba watu huvitazama, wakavifanya shabaha. Watatu kwa mmoja, tena mmoja asiyejiendesha. Hilo ni gemu la watatu, yeye ndiye mpira.

Hata watengenezaji hawakulichukulia kiwepesi suala la sura za watu. Katika zile Smash za 2014 ulikuwa huwezi kumtumia Mii mtandaoni dhidi ya watu usiowajua. Aliruhusiwa kwa marafiki tu. Katika Ultimate zuio hilo limeondoka, na wachezaji wanaweza pia kusambaza mtandaoni Mii walizotengeneza. Kwa hiyo yafuatayo yafanyike, na yafanywe na shemeji mwenyewe, si wewe.

Huyo Mii afutwe ndani ya gemu, kisha afutwe pia kwenye mipangilio ya mashine, sehemu ya Mii. Wakague picha na video zilizohifadhiwa kwenye mashine, kwa sababu Switch inapiga picha kwa kubonyeza kitufe kimoja na watoto hupenda kuhifadhi vituko. Kisha shemeji aweke kwenye simu yake programu ya Nintendo ya wazazi. Haina malipo, na humo anaweza kuzuia watoto kuwasiliana ovyo na watu wengine wakati wa kucheza, na kuzuia picha zisirushwe kwenye mitandao ya kijamii.

Wavulana sikuambii uwaadhibu. Waambie hivi: anayetaka sura ya mtu aiombe kwa mwenyewe, na mwenye sura ndiye atakayeshika pedi. Ni sheria iliyo ukutani kwangu, juu kabisa ya ile ya namba. Nilimtoa kwa siku nzima kijana aliyemtengeneza muuza mihogo wetu bila kumwambia. Kesho yake mama wa mihogo akaombwa, akakubali, akaja akasimama mlangoni kujitazama akipigana, akaagiza aongezewe kilemba. Hakuna kofia ya kilemba cha namna yake humo. Tukamtafutia kofia iliyokaribia, hakuridhika, na alikuwa na haki.

Kuhusu binti: akitaka, na akitaka tu, mkae naye ajitengeneze mwenyewe. Mwanya aamue yeye kama atauweka. Mpe Brawler mwenye namba atakayoichagua, afanye mazoezi nyumbani kwa rafiki au popote penye mashine. Likizo ijayo akienda kwa baba yake mkubwa atakwenda na kitu mkononi. Na asipotaka kuligusa tena gemu hilo, yamekwisha, usimlazimishe apone kwa njia unayoipenda wewe.

*

Shangazi, salamu kutoka Toronto. Nimehangaika kumtengeneza babu yangu aliye Pemba. Nataka Iddi wakusanyike kwenye simu ya video waone Babu akipigana na Bowser, yule adui wa Mario. Kila nikimaliza anatokea kama mwalimu wangu wa hesabati. Nafanyaje? — Mjukuu

Kwanza, Babu ameulizwa? Umesoma hapo juu. Mpigie simu, halafu urudi usome jibu.

Unakosea kwa kutafuta picha. Shigeru Miyamoto, mtu wa Mario, alieleza mwaka 2007 kwamba wazo la Mii lilitokana na kokeshi, wanasesere wa mbao wa Kijapani, kichwa cha mviringo kilichochorwa mistari michache tu, na bado mtu anaweza kumwona jamaa yake mle. Wazo hilo alikuwa analizungusha tangu enzi za Famicom, mashine ya zamani ya Nintendo. Mii hana mikunjo ya shavu wala mshipa wa shingo. Ukijaribu kuweka kila kitu unapata mtu yeyote.

Kaa chini ujiulize watoto wa mtaani wanamwigaje Babu. Wanakunja nyusi? Wanavuta mdomo? Hicho kimoja ndicho cha kukuza. Kila kiungo cha Mii unaweza kukipandisha, kukishusha, kukikuza, kukipunguza, na nyusi na macho unaweza pia kuyainamisha na kuyatenganisha. Watu husahau kushusha. Shusha macho na pua na mdomo vyote kidogo, paji la uso linakuwa pana, na papo hapo mtu anazeeka bila kuwekewa mvi. Nyusi zikikaribia macho anakuwa mkali. Zikipanda anakuwa mtu wa kushangaa. Miwani ya Babu iteremshe mpaka ncha ya pua kama anavyoivaa wakati wa kusoma gazeti. Masharubu yana vipimo vyake pia, yafanye madogo sana yawe kivuli tu juu ya mdomo. Rangi za nywele kwenye Switch ni nyingi kuliko za Wii, kwa hiyo ile mvi iliyochanganyika na weusi unaweza kuikaribia.

Halafu, nisamehe nirudie wimbo wangu, kinachomfanya awe Babu ni mapigo. Babu yako ni mtu wa namna gani? Kama ni wale wanaokaa barazani kimya, mtu anasema, anasema, anasema, halafu Babu anajibu neno moja na mazungumzo yamekwisha, basi ni mwenye upanga, chini namba 1: anangoja apigwe ndipo arudishe. Kama ni mzee wa kurusha kandambili kutoka ng'ambo ya ua na asikose, huyo ni Gunner, usipoteze muda. Kama ujanani alikuwa mtu wa mchezo wa ng'ombe na mieleka, muulize mwenyewe, Brawler namba 2 ya chini anaruka kwa kuzuga na kupiga teke. Ukimpa Babu mpole mapigo ya fujo, jamaa wote Pemba watasema hafanani hata kama nyusi ni zenyewe.

Bowser muweke kiwango cha chini kwanza. Iddi si siku ya Babu kutolewa mbele ya wajukuu.

*

Shangazi, mimi ni fundi simu. Nimeletewa Nintendo 3DS ya mtumba ikiwa na Smash ya 2014 ndani. Mteja anataka nimnunulie mavazi ya Mii ya ziada na aanze kucheza mtandaoni. Nimejaribu, duka halifunguki. Mashine mbovu au mimi? — Fundi, Kahama

Si mashine wala si wewe. Nintendo walifunga manunuzi kwenye duka la 3DS na la Wii U tarehe 27 Machi 2023, na Aprili 2024 wakazima kucheza mtandaoni kwa mashine zote mbili. Mavazi ya ziada ya Smash hiyo ambayo hayakununuliwa kabla hayauzwi tena dukani.

Kilichobaki ni kizuri bado. Kamera ya 3DS inasoma Mii kutoka kwenye misimbo ya QR, na watu waliosambaza Mii zao kwa njia hiyo ni wengi. Mapigo yote ya Mii yamo ndani tangu mwanzo. Wawili wenye 3DS na gemu hilo wanaweza kupigana wakiwa wamekaa karibu, bila intaneti. Mwambie mteja hivyo kabla hujamtoza, na ukague bawaba ya kifuniko na kile kitufe cha duara cha kushoto. Smash inakisumbua sana, na mashine nyingi za mtumba kimelegea.